Sura ya Tano: Ungo wa Msomaji

Ukitoka Makambako kuelekea Mbeya, baridi ya Ubena hukuacha kidogo kidogo, na ufikapo Igawa unakuwa umeshaingia katika joto la bonde la Usangu. Hapo ndipo inapoanzia Mbarali, wilaya ya mpunga. Wakati wa mavuno mpunga huanikwa juu ya maturubai, mashine za kukoboa hunguruma tangu asubuhi, na wanunuzi hupita kutoka gunia moja hadi jingine. Mnunuzi mzoefu haridhiki na anachokiona mdomoni mwa gunia, maana anajua juu hupangwa kilicho kizuri. Hutumbukiza mkono hadi kati, akatoa punje chache, akauma moja kwa meno asikie kama imekauka. Kisha huomba kiasi kidogo kikobolewe mbele yake, aone ni mchele mzima au ni chenga. Bei huja baadaye.

Nyumbani kazi hiyo hiyo hufanywa na mama kwa ungo. Siku moja nilikaa uani kwa mama mmoja wa Igawa nikimtazama akipeta. Makapi yaliruka na upepo. Mawe aliyaokota moja moja na kuyatupa mbali. Chuya alizichagua akaziweka kando. Lakini chenga alizikusanya kwa uangalifu kwenye bakuli.

"Mama, chenga nazo unazitunza?" nikamuuliza.

"Chenga ni mchele, mwanangu. Nitapika uji, na nyingine nitaziloweka za vitumbua. Cha kutupa ni jiwe."

Nimelikumbuka jibu hilo kila ninapokaa mbele ya kitabu kigumu. Lugha yetu yenyewe ilikwisha kuuona uhusiano huu kabla yangu. Tunasema kuchambua kitabu kama tunavyosema kuchambua mchele au pamba. Serikali ikitaka kujua kama mradi unafaa, hufanya upembuzi yakinifu, na kupembua ni kazi ya ungo: kutenga chenga na mchele mzima. Neno la tatu, uhakiki, limetoka katika hakika, yaani kulitafuta lililo kweli. Ungo na ukweli, basi, ndiyo mambo mawili yanayobeba sura hii.

Ninataka tuulizane namna ya kupima thamani ya vitabu vya falsafa, dini na jamii. Vitabu hivi ni vigumu kupimwa kuliko vingine. Kitabu cha kilimo cha mpunga kikikosea kuhusu maji au mbolea, shamba litakisuta ndani ya msimu mmoja. Kitabu cha falsafa kinaweza kukosea miaka arobaini na bado kikafundishwa vyuoni. Kitabu cha jamii kinaweza kusema uongo juu ya kijiji kizima, na kijiji hicho kisijue, kwa kuwa hakuna aliyewapelekea nakala.

Kwa sababu hiyo tumezoea kupima kwa vipimo vya juu ya gunia. Tunatazama jina la mwandishi na shahada zake, dini yake, unene wa kitabu, au ugumu wa Kiingereza chake. Vipimo hivyo vyote hukaa nje ya maneno ya kitabu. Nitakayoyasema hapa ni kwamba vitabu vya aina hii vina jambo moja linalompa msomaji wa kawaida nguvu kubwa: vinamzungumzia yeye. Kitabu kinapoeleza Mwafrika anavyofikiri, Mnyakyusa anavyosali, au mkulima wa Tanzania anavyopaswa kuishi, msomaji wa Igawa huwa mwanafunzi wa kitabu hicho na shahidi wake kwa pamoja. Ushahidi huo hauna mbadala, nao una masharti yake. Tuutazame katika vitabu halisi.

Kitabu kilichoazima maneno yetu

Mwaka 1969 John Mbiti alichapisha kwa Kiingereza kitabu chake maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti alikuwa Mkamba, aliyezaliwa Kitui nchini Kenya mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana aliyepata shahada ya uzamivu Cambridge, na wakati huo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Aliandika kupinga dhuluma moja ya wazi. Kwa miaka mingi wamisionari na wasomi wa Ulaya walikuwa wamesema kuwa Mwafrika hana dini ila ushirikina, na hana falsafa kabisa. Mbiti akajibu kwamba dini ya Mwafrika imo katika maisha yake yote, shambani, msibani na arusini, wala haikungoja kujengewa nyumba ya ibada ili iwepo.

Ndani ya kitabu hicho mna nadharia ya wakati iliyompatia sifa na wapinzani. Mbiti alidai kuwa katika fikra za asili za Kiafrika wakati una pande mbili: mambo yaliyopita, ambayo ni marefu mno, na mambo ya sasa. Wakati ujao, alisema, karibu haupo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa nyakati za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu, ambazo kwa hesabu yake hazikumfikisha mtu mbali zaidi ya miaka miwili hivi mbele. Na ili kuzipa majina pande hizo mbili, aliazima maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani.

Hapo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutumbukiza mkono kwenye gunia. Maneno ni yake, na anaweza kuyauma kwa meno. Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne za mbele zenye majina yake. Kina mwakani. Kiambishi chetu cha -ta- hakina ukomo: "mvua itanyesha" ni jioni ya leo, na "dunia itakwisha" ni siku asiyoijua mtu. Tunasema akiba haiozi, na mtu asiyeuona mbele hana sababu ya kuweka akiba. Nenda juu kidogo ya Igawa, upande wa Njombe na Mufindi, ukawaulize watu waliopanda misindano kwenye vilima vyao. Wengi hupanda wakijua kuwa mbao zitavunwa miaka mingi baadaye, pengine na watoto wao.

Lakini mchambuzi mwaminifu hasimami hapo akashangilia. Mbiti angeweza kujibu kuwa misindano ni jambo la biashara ya kisasa, na kwamba yeye mwenyewe alisema elimu na uchumi mpya vilikuwa vikiwafungulia Waafrika upeo wa mbele. Jibu hilo lina uzito, na linatulazimisha tutafute ushahidi wa zamani zaidi: viapo, matambiko, mahari iliyolipwa kwa miaka, usia wa wazee. Linatufundisha pia kuuliza swali la msingi zaidi. Je, umbo la kitenzi linatosha kuonyesha mipaka ya fikra? Lugha isiyo na kitenzi cha miaka mia ijayo inaweza kuisema miaka hiyo kwa maneno mengine. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alitumia lugha yake ya Kiakan kumpinga Mbiti katika kitabu chake cha mwaka 1987, akaonyesha kuwa huko wakati ujao una maneno na dhana zake kamili. Alichokifanya Gyekye kwa Kiakan, msomaji wa Kibena, Kisangu au Kinyakyusa anaweza kukifanya kwa lugha ya bibi yake.

Basi kitabu cha Mbiti kina thamani gani? Kwa maoni yangu, nadharia yake ya wakati ni dhaifu kwa namna alivyoitandaza juu ya bara zima kutoka katika lugha chache za jirani. Hata hivyo kitabu ni cha thamani kubwa. Kilikusanya habari za ibada, sadaka, mizimu, ndoa na kifo kutoka kwa watu wengi kabla hazijapotea. Kilimrudishia Mwafrika heshima ya kuitwa mtu wa dini. Juu ya hayo, kiliweka dai lake wazi kiasi kwamba unaweza kulipima kwa lugha yako ukiwa umekaa barazani. Mwandishi anayesema jambo linaloweza kuonekana kuwa si kweli amekuheshimu. Wa kuogopwa ni yule anayeandika kurasa mia tatu ambazo haiwezekani kuzikubali wala kuzikataa. Mbiti aliendelea kufanya kazi na lugha ya nyumbani kwao hadi uzeeni. Mwaka 2014 ilichapishwa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka Kigiriki, na alifariki mwaka 2019.

Nani amesema, na amesimama wapi

Katika vitabu vya dini kupima kunahitaji adabu ya pekee, maana unagusa imani ya mtu. Wako wanaodhani adabu hiyo inakataza kupima. Historia ya dini zenyewe inasema vingine. Wanazuoni wa Kiislamu walijenga elimu nzima ya kuzipima hadithi: kabla ya kuyakubali maneno, waliuliza yamepokewa na nani kutoka kwa nani, na kila mpokezi walimchunguza ukweli na kumbukumbu yake. Mlolongo huo wa wapokezi ndio isnadi. Kupima kwao kulitokana na kuyaheshimu maneno.

Katika Afrika Mashariki tunao mfano mzuri wa jambo hili. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeifanya alikuwa mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale. Ya pili ilitolewa mwaka 1953 na Waahmadiyya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Ya tatu ni ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, msomi wa Zanzibar aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, nayo ilikamilika kuchapishwa Nairobi mwaka 1969. Kiarabu kilikuwa kile kile, lakini vitabu vilikuwa vitatu. Tofauti kubwa hukaa katika maelezo yanayoizunguka matini, ambamo Dale anasema na wasomaji kama mmisionari, Waahmadiyya wanatetea mafundisho yao, na al-Farsy anawajibu waliomtangulia.

Msomaji anayevichukua vitabu hivyo vitatu kana kwamba ni kimoja hawezi kupima hata kimoja. Msomaji anayejua kila mmoja amesimama wapi anaweza kufaidika na vyote, akatofautisha maana ya aya na hoja ya mfasiri. Kuwa na upande si kosa kwa mwandishi wa dini. Kosa ni kuuficha upande huo. Na msomaji naye anadaiwa haki hiyo hiyo: ungo anaoutumia kwa kitabu cha dini ya jirani, autumie kwa kitabu cha dini yake. Katika biashara ya mazao tunayo lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu, ambalo humnyonya mkulima kwa kuitwa gunia moja. Mtu anayewadai wenzake ushahidi wa lumbesa, huku yeye akijipimia kwa kisado, ana mizani mbovu, hata akiwa mcha Mungu.

Wanyakyusa katika kitabu cha Monica Wilson

Sasa tuiendee Rungwe. Ukitoka Igawa unapita Usangu hadi Uyole, unakunja kushoto, unapanda katikati ya migomba na chai kuelekea Tukuyu. Huko ndiko walikokuja Godfrey Wilson mwaka 1934 na mkewe Monica mwaka uliofuata, wakakaa hadi 1938 wakijifunza lugha na maisha ya Wanyakyusa. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica, aliyezaliwa Afrika Kusini, akaibeba kazi peke yake. Kitabu chake cha kwanza juu ya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951, kikafuatwa na viwili juu ya matambiko, mwaka 1957 na 1959. Vitabu hivyo vimewafanya Wanyakyusa wajulikane katika vyuo vikuu vingi duniani.

Kitabu cha 1951 kinaeleza desturi iliyowashangaza wasomi: wavulana wa rika moja waliondoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakakua humo, wakaoa humo, na baadaye wakakabidhiwa nchi na baba zao. Moyoni mwa desturi hiyo aliiweka thamani ambayo Wanyakyusa huiita ukwangala, yaani raha na adabu ya kukaa pamoja na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Kila aliyewahi kukaribishwa katika nyumba ya Kinyakyusa anajua kuwa Monica Wilson hakulibuni jambo hilo.

Hata hivyo, wasomi waliomfuata walitia ungo. Simon Charsley, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya watawala wa Wanyakyusa, alirudi kwenye historia na kuhoji kama utaratibu ulioelezwa ulikuwa wa daima au ulikuwa wa kipindi fulani. Wengine wakahoji kama vijiji vya rika vilienea kama ilivyosemwa. Katika kitabu cha 1959 Wilson alieleza pia kwamba Kyala, jina ambalo leo Wanyakyusa Wakristo humwitia Mungu, lilikuwa jina la shujaa mmoja wa kale kabla ya mafundisho ya Kikristo kulipandisha. Hilo ni dai zito kwa muumini yeyote wa Rungwe, ambako Wamoravian wamehubiri tangu 1891. Halipaswi kukataliwa kwa hasira, wala kukubaliwa kwa sababu tu limechapishwa Uingereza. Linapaswa kuulizwa: nani alimwambia?

Hapa ndipo isnadi inapotufaa nje ya dini. Nyuma ya Wilson alikuwapo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani, Mnyakyusa mwenyewe, aliyewaandikia akina Wilson habari, akawafasiria, akawapeleka kwa wazee. Kwa muda mrefu wasomaji walilijua jina la mwandishi tu. Mwaka 2013 kilitoka kitabu kizima kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank juu ya Wilson na wakalimani wake, na mchango wa watu kama Mwaisumo ukapewa nafasi. Jambo hilo hubadilisha namna tunavyokipima kile kitabu. Kikipatia, sehemu ya sifa ni ya Wanyakyusa waliosema na kuandika. Kikikosea, yafaa tuulize kama mkalimani aliyesoma shule ya misheni aliviona vyote, na kama wazee walimwambia kila kitu kijana aliyekuja na Wazungu.

Mwaka 1977 Wilson alitoa kitabu kingine juu ya Wanyakyusa na jirani zao, kikifuata mabadiliko ya mahusiano ya vizazi, na ya wanaume na wanawake, kutoka 1875 hadi 1971. Mwandishi aliyewahi kulaumiwa kwa kuchora watu kana kwamba hawana historia aliirudia kazi yake na kuandika historia. Mimi huliona hilo kuwa alama kubwa ya thamani. Mtu anayeyarudia maneno yake baada ya miaka ishirini na kitu, akayapima tena mbele za watu, aliandika kwa ajili ya ukweli.

Kitabu kilichohamisha nyumba

Kuna vitabu vinavyoeleza jamii, na kuna vinavyoibadilisha. Maandishi ya Mwalimu Julius Nyerere ni ya namna ya pili, na hakuna Mtanzania wa umri fulani ambaye hayakumgusa. Mwaka 1962 aliandika insha iliyoweka msingi wa fikra ya ujamaa. Alidai kuwa jamii ya asili ya Kiafrika haikuwa na tabaka la wanyonyaji, kila mtu alifanya kazi, na na hata mgeni alikaa siku mbili tu, siku ya tatu akapewa jembe. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ile Elimu ya Kujitegemea, na Septemba maelezo ya ujamaa vijijini.

Dai la 1962 tulipime hapa hapa Usangu. Katika karne ya 19 bonde hili lilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Merere, waliokuwa na jeshi, mateka, na biashara ya pembe za ndovu na misafara. Walipigana na Wahehe hadi wakalazimika kuhamia upande wa Usafwa, na hawakurudi bondeni ila siku za Wajerumani. Mateka aliyelima shamba la mtawala wa vita hangelitambua tabaka moja la wafanyakazi katika insha ile. Kwa hiyo dai lile, likichukuliwa kama historia ya kila jamii ya Kiafrika, halisimami. Likichukuliwa kama wito kwamba ukarimu na kazi vilikuwa fahari ya wazee wetu na vinaweza kuwa msingi wa taifa, linasimama vizuri. Mwalimu mwenyewe alilisogeza mbele. Katika andiko la Septemba 1967 alikiri kuwa maisha ya asili yalikuwa na dosari, akataja hali duni ya wanawake na umaskini.

Andiko lile lile lilisisitiza kuwa kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kumlazimisha mtu. Miaka miwili baadaye, Septemba 1969, chama tawala kiliivunja Ruvuma Development Association, umoja wa vijiji vya Songea vilivyoanza vyenyewe, kwa hiari, na ambavyo Mwalimu aliwahi kuvitaja kwa sifa. Siku ya Krismasi 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa na mkulima mmoja katika siku za mvutano mkali wa ardhi na ujamaa. Novemba 1973 ikatolewa amri kuwa wote wahamie vijijini. Hadi mwaka 1977 watu milioni 13 hivi walihesabiwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Wako waliohama kwa kuridhika, wakapata shule na zahanati karibu. Wako waliopakiwa kwenye malori huku nyumba zao zikibomolewa nyuma yao.

Je, kitabu kihukumiwe kwa lori? Swali hili limewagawa wasomi wengi, na kila upande una haki yake. Anayetetea kitabu atasema maneno yako wazi: hiari. Waliobomoa walikwenda kinyume cha maandishi. Anayelaumu atasema kitabu cha jamii hakiandikiwi malaika. Mwandishi aliyekuwa pia mkuu wa nchi alijua maofisa wake ni watu wa namna gani, na hakuandika ni nani atakayemzuia ofisa akiiacha hiari. Mimi nafikiri kitabu cha jamii kihukumiwe kwa kinga yake, yaani kwa nguvu ya maneno yake kusimama dhidi ya yule anayelitumia jina lake vibaya. Kwa kipimo hicho, andiko la 1967 lina upungufu wa kweli, maana liliahidi hiari bila kuiwekea mlinzi. Lakini lina kitu ambacho maandishi mengi ya watawala hayana: liliacha maneno ambayo mwanakijiji angeweza kuyashika na kusema, "Hivi sivyo ilivyoandikwa." Na mwaka 1977, mwaka ule ule Monica Wilson alipokuwa akiirudia kazi yake, Mwalimu alichapisha tathmini ya miaka kumi ya Azimio, akakiri hadharani kuwa nchi ilikuwa bado haijafika kwenye ujamaa wala kujitegemea. Hilo ni jiwe ambalo mwandishi mwenyewe aliliokota kwenye ungo wake mbele ya taifa.

Vijana wa leo hawakuziona zile siku. Wengi wao huyakataa maandishi ya Mwalimu bila kuyasoma, na wengine huyasifu bila kuyasoma, na makundi hayo mawili yamefanana kuliko yanavyodhani. Mfundishe kijana wako kuyasoma akiwa na maswali, kisha mpeleke kwa mzee aliyehama mwaka 1974. Ndipo atapata pande zote mbili za mizani.

Masharti ya kuwa shahidi

Nilisema mwanzoni kuwa msomaji ni shahidi wa kitabu kinachomzungumzia, na kwamba ushahidi huo una masharti. La kwanza ni kusoma hadi mwisho. Mtu aliyesikia tu kuwa Mbiti alikana wakati ujao wa Mwafrika hajui kuwa kitabu kile kina mengine mengi ya kumfaa. La pili ni kuupima ushahidi wako mwenyewe. "Kwetu hatufanyi hivyo" ni neno zito likitoka kwa aliyeuliza wazee watano, na ni jepesi likitoka kwa aliyekulia mjini. La tatu ni kutenga makosa kwa uzito. Yako makosa ya chenga, kama jina lililoandikwa vibaya au tarehe iliyoteleza, nayo hayamnyimi mtu chakula. Yako makosa ya jiwe, yatakayovunja jino la atakayekula: kuwasingizia watu, kuficha upande, kutandaza kijiji kimoja juu ya bara zima. Hayo yaokotwe na kutupwa hata kama kitabu kimeandikwa na mtu wetu tunayempenda.

Sharti la nne ndilo lililosahauliwa zaidi, nalo ni kuandika. Gyekye hakunung'unika barazani, aliandika kitabu. Al-Farsy alijibu tafsiri kwa tafsiri. Leonard Mwaisumo aliandika habari za watu wake, na ndiyo maana leo jina lake linaweza kurudishwa mahali pake. Ushahidi usioandikwa hufa na shahidi, halafu kitabu chenye kosa hubaki peke yake kortini, hakina wa kukipinga.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, jambo moja dogo. Ukimaliza kitabu chochote kinachosema habari za watu wako, imani yao, fikra zao au nchi yao, chukua daftari. Andika ulichokikuta ndani kilicho mchele, andika ulichokiona kuwa jiwe, na kwa kila jiwe andika umejuaje, na ni mzee gani, lugha gani au mahali gani panaposhuhudia. Weka tarehe na jina la kijiji chako. Mpe mwalimu wa shule iliyo karibu asome, kisha likabidhi mahali litakapotunzwa. Mtoto atakayezaliwa Igawa miaka thelathini ijayo atakikuta kitabu kile maktabani, na ni haki yake kukuta na neno lako pembeni yake.